Byron Kawadwa: Mwongozaji wa tamthilia za muziki aliyeuawa baada ya onyesho la Lagos

Tarehe 12 Februari 1977, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi duniani, lililojulikana kwa jina la FESTAC, lilifungwa mjini Lagos, Nigeria. Miongoni mwa mataifa zaidi ya 50 yaliyoshiriki ilikuwamo Uganda, ambayo ilipeleka tamthilia ya muziki kwa lugha ya Kiganda iitwayo Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo.

Muda mfupi baada ya kundi hilo kurejea nyumbani, mtunzi na mwongozaji wake, Byron Kawadwa, alikamatwa na watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Kawadwa hakuwa mwanasiasa, wala hakuongoza jeshi la waasi. Kazi yake ilikuwa kukusanya waimbaji, wapiga ngoma, washonaji na mafundi wa taa, kuwafanyisha mazoezi jioni baada ya jioni, kisha kuuza tiketi mlangoni. Maisha yake yanaonyesha namna tamthilia ya muziki inavyotengenezwa nyuma ya pazia katika nchi ambayo serikali haiwalipi wasanii. Yanaonyesha pia ni nani hubeba dhamana pale mtawala anapoketi ukumbini na kudhani kwamba wimbo unamhusu yeye.

Kizazi kilichorithi jukwaa

Kawadwa alizaliwa takriban mwaka 1940, akakulia katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Wakati huo, tamthilia kwa maana ya pazia, viti na tiketi ilikuwa burudani ya wageni. Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza mjini Kampala ulifunguliwa mwaka 1959, na katika miaka yake ya mwanzo ulitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu na vya Waasia waliokuwa na fedha za kukodi jukwaa.

Waafrika hawakuwa wageni wa sanaa yenyewe. Katika milima iliyo chini na nyuma ya Wanale, nyimbo na ngoma za imbalu zilikuwa zikikusanya maelfu ya watu tangu zamani. Huko Busoga, tarumbeta za vibuyu zijulikanazo kama bigwala zililia katika sherehe na misiba ya kifalme. Katika jumba la Kabaka wa Buganda walikuwamo wanamuziki wenye zamu zao na ardhi waliyopewa kwa huduma hiyo. Jambo jipya lilikuwa kuiweka sanaa hiyo ndani ya jengo lenye mlango, na kumwomba mtazamaji alipe kabla ya kuingia.

Aliyefungua njia alikuwa Wycliffe Kiyingi, ambaye mwaka 1954 aliunda kikundi cha wasanii Waafrika, na baadaye akapata umaarufu kwa michezo ya redio kwa Kiganda. Kawadwa alifuata nyayo hizo. Katikati ya miaka ya 1960 alianzisha kikundi cha Kampala City Players, kikawa miongoni mwa vikundi vya kwanza vya Kiganda vilivyoweza kujaza ukumbi kwa watazamaji wa kawaida wa mjini: makarani, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko na familia zao.

Kawadwa aliongeza kitu ambacho Kiyingi hakukitegemea sana, nacho ni muziki. Alishirikiana na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya, na kwa pamoja wakatoa tamthilia ambazo hadithi yake ilisimuliwa kwa nyimbo. Kati ya kazi zao ni ile ya Mtakatifu Charles Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, na Makula ga Kulabako, hadithi ya mapenzi inayomhusu binti wa kifalme.

Kazi ambayo mtazamaji haioni

Mtazamaji wa tamthilia ya muziki huona saa mbili au tatu za nyimbo. Haoni miezi iliyotangulia.

Kwanza ni lugha. Kiganda, kama Kimasaba kinachozungumzwa Mbale, ni lugha ya toni: neno likipandishwa sauti mahali pasipostahili, maana hubadilika au hupotea. Anayetunga wimbo kwa Kiswahili huwa na uhuru fulani wa kupandisha na kushusha sauti apendavyo. Anayetunga kwa Kiganda hana uhuru huo, kwa sababu maneno yenyewe tayari yana nusu ya muziki. Ndiyo maana mwandishi na mtunzi wa muziki walilazimika kufanya kazi bega kwa bega. Mstari uliobadilishwa dakika ya mwisho na mwandishi ulimlazimu mtunzi kubadilisha sauti, na sauti ikibadilika, kwaya nzima ilirudi kwenye mazoezi.

Pili ni kwaya. Muziki wa Serukenya ulichanganya mitindo miwili. Mmoja ulikuwa uimbaji wa sauti nne, ambao Waganda wengi waliujifunza makanisani na shuleni kwa kusoma do-re-mi. Wa pili ulikuwa muziki wa asili wa Kiganda, ambao hauandikwi popote bali hukaa mikononi mwa mpigaji. Kuziunganisha pande hizo si jambo dogo. Mwimbaji wa kwaya husubiri ishara ya kiongozi, ilhali mpiga ngoma husikiliza mguu wa mchezaji. Ni kazi ya mwongozaji kuhakikisha kwamba wote wawili wanaanza pamoja.

Tatu ni fedha. Vikundi kama Kampala City Players havikuwa na mishahara ya kudumu. Waigizaji walikuwa na kazi zao za mchana, na mazoezi yalifanyika jioni na mwisho wa juma. Kodi ya ukumbi, matangazo, usafiri, kitambaa cha maleba, rangi ya mandhari na chakula cha wapiga ngoma vilitoka katika kiingilio. Onyesho likikosa watu, hasara ilikuwa ya kikundi. Likifanikiwa, faida iligharamia onyesho linalofuata. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa pia mhasibu, mpatanishi wa magomvi na mtu wa kusimama mlangoni kuhesabu tiketi.

Nne ni kibali. Tangu mwaka 1943 Uganda ilikuwa na sheria iliyotaka michezo ya kuigiza ya hadharani ipate leseni. Sheria hiyo ya kikoloni ilibaki baada ya uhuru, na serikali zote zilizofuata ziliikuta mezani, tayari kutumika. Karatasi ya kibali huwa na jina la mtu, na jina hilo ndilo huulizwa kukitokea tatizo. Waimbaji 40 wanaweza kuimba wimbo mmoja kwa sauti moja, lakini mwenye kibali hubaki kuwa mtu mmoja.

Mwaka 1966 na jogoo wa jumba la mfalme

Tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote lilishambulia Lubiri, jumba la Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Kabaka alitoroka, akaishia uhamishoni nchini Uingereza, na akafariki London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote za Uganda.

Athari zake katika muziki zilikuwa kubwa. Wanamuziki wa Lubiri walitawanyika, na baadhi ya ala zao ziliharibiwa. Busoga nako, bigwala zilipoteza nyumba yake, kwa kuwa muziki huo ulitegemea sherehe za kifalme. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2012, shirika la UNESCO liliuweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Msikilizaji wa Jinja anayetafuta chanzo cha ukimya wa vibuyu hivyo hurudi katika miaka ileile iliyomsukuma Kawadwa kuandika.

Wimbo wa Bwana Jogoo ulipanda jukwaani mwaka 1971. Hadithi yake iko ndani ya jumba la kifalme. Kuna kiti cha enzi, kuna mrithi halali, na kuna Wankoko, mtu wa ngazi ya chini jumbani mwenye uchu wa madaraka, anayetumia hila ili apate asichostahili. Mtazamaji wa Kampala hakuhitaji kuelezwa. Alimwona Obote.

Wakati wenyewe uliruhusu tafsiri hiyo. Amin alikuwa amempindua Obote tarehe 25 Januari 1971, na katika miezi michache ya kwanza aliurudisha mwili wa Kabaka Mutesa kutoka Uingereza ukazikwa Kasubi kwa heshima zote. Waganda wengi walimshangilia. Tamthilia iliyomdhihaki Obote haikumkera mtawala mpya. Kwa kipindi hicho, jogoo yule alikuwa adui wa wote wawili.

Ukumbi, kitambaa na lugha chini ya Amin

Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Kwa miji ya Jinja na Mbale, ambako maduka, viwanda na hata majengo ya burudani yalikuwa mikononi mwao, badiliko hilo lilionekana mtaani kote. Katika Ukumbi wa Taifa lilionekana kwenye ratiba. Vikundi vya Waasia viliondoka, vya Wazungu vilipungua, na vikundi vya Waganda vikapata usiku na mwisho wa juma ambao awali havikuweza kuupata. Kawadwa mwenyewe, katika miaka hiyo, akawa mkurugenzi wa sanaa wa ukumbi huo.

Faida hiyo ilikuja na bei yake. Bidhaa ziliadimika. Sukari, sabuni, mafuta na kitambaa vikawa vitu vya magendo, hata katika nchi yenye kiwanda kikubwa cha nguo pale Jinja. Kikundi cha maigizo huhisi uhaba kabla ya wengi, maana kanzu ya mfalme haiwezi kuwa kuukuu, na gari la kubeba ngoma haliendi bila petroli. Baadaye usalama nao ukawa gharama. Watu waliogopa kuwa barabarani usiku, na onyesho linalomalizika gizani hukimbiza wateja.

Kulikuwa na suala la lugha pia, nalo linatugusa moja kwa moja sisi tunaosikiliza na kusoma kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Amin alitoa agizo kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Kwa jamii za Waislamu wa mijini, Wanubi na wafanyakazi wa viwanda wa mashariki mwa nchi, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani au ya kazi tangu zamani. Lakini kwa Waganda wengi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na mtu aliyegongewa mlango usiku mara nyingi alisikia amri kwa lugha hiyo. Chuki dhidi ya Kiswahili iliyobaki Buganda kwa miaka mingi ina mizizi katika hofu hiyo. Wasemaji wake wa kawaida, waliokuwa wakiuza samaki au kushona nguo Mbale, walibebeshwa lawama isiyo yao.

Kawadwa aliendelea kuandika kwa Kiganda. Hakukuwa na ukaidi wowote katika jambo hilo. Tiketi ziliuzwa kwa watu wa Kampala, na watu wa Kampala walicheka na kulia kwa Kiganda.

Mwenzake Robert Serumaga alichagua njia tofauti. Kikundi chake, Abafumi, kilitegemea mwili, ngoma na milio kuliko maneno, na kilisafiri nje ya nchi mara kwa mara. Onyesho lisilo na maneno mengi ni gumu kulishitaki. Kawadwa hakuwa na kinga hiyo, kwani nguvu ya kazi yake ilikuwa katika maneno yanayoeleweka na kila mtu.

Lagos na kurudi

Nchi zilizoalikwa FESTAC zilipeleka kazi zilizoziona kuwa bora. Kwa Uganda, mojawapo ilikuwa ile iliyopendwa jukwaani tangu 1971. Hakuna aliyeandika hadithi mpya. Nyimbo zilikuwa zilezile, na jogoo alikuwa yuleyule.

Kilichobadilika ni mtawala. Mwaka 1971 Amin alikuwa mtu aliyemwondoa mnyang'anyi. Kufikia 1977 alikuwa amejitangaza rais wa maisha, maelfu ya raia wameuawa, na kila aliyetazama hadithi ya mtu wa ngazi ya chini anayetwaa kiti kisicho chake kwa hila na nguvu aliweza kumwona mtu mwingine. Huko Lagos, mbele ya wageni kutoka pande zote za dunia, tamthilia iliyoandikwa kwa ajili ya Obote ilionekana kumvaa Amin.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo kila mtunzi anaifahamu. Mwandishi huamua maneno, lakini hawezi kuamua yatamfaa nani miaka sita baadaye. Kiongozi anayejitambua katika mhusika mwovu huwa ameshakiri jambo, na mara nyingi humwadhibu aliyemshikia kioo.

Mwezi wa Februari mwaka huo ulikuwa mbaya kwa Uganda nzima. Siku nne tu baada ya FESTAC kufungwa, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa pili akiwa mwenyeji wa Tororo. Serikali ilidai kuwa walikufa katika ajali ya gari. Katika msimu huohuo wa mauaji, watu wa State Research Bureau, kikosi cha usalama kilichoogopwa kuliko vyote, walimchukua Byron Kawadwa. Hakurudi akiwa hai.

Haikuishia kwake. Kabla ya mwaka 1977 kwisha, Dan Kintu, aliyekuwa kiongozi wa Ukumbi wa Taifa, na mwandishi wa michezo John Male nao waliuawa. Katika muda wa mwaka mmoja, jukwaa la Kampala lilipoteza watu waliojua kuliendesha. Wengine walikimbilia Nairobi na kwingineko. Waliobaki walijifunza kuandika vichekesho vya ndoa na wachawi, au kuyaficha waliyotaka kusema ndani ya ngano za kale.

Kilichobaki

Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979. Nchi haikutulia mara moja, lakini jukwaa lilirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi. Katika miaka ya 1980 vikundi vya kibiashara viliongezeka Kampala, vikitumia kumbi za shule, za kanisa na sinema za zamani. Jimmy Katumba na The Ebonies walivuta umati kwa kuchanganya kwaya na maigizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alex Mukulu alipandisha jukwaani kazi yake ya Thirty Years of Bananas, iliyopitia historia ya Uganda kwa nyimbo na kejeli bila kuwasaza watawala. Falme zilirudishwa mwaka 1993.

Mengi katika maonyesho hayo yalikuwa na alama ya Kawadwa na Serukenya: kwaya inayotoa maoni juu ya matukio, ngoma inayobeba hadithi, na imani kwamba mtazamaji anayelipa kwa fedha yake anastahili kuambiwa kitu cha maana. Washonaji, waimbaji na mafundi wa taa waliofundishwa katika miaka ya 1960 na 1970 hawakuwa na majina makubwa, na kwa sababu hiyo wengi wao walinusurika. Ujuzi ulipita mikononi mwao.

Katika eneo letu, biashara ya jukwaa ina sura yake. Ngoma za kadodi, ambazo asili yake ni msafara wa imbalu, leo hukodiwa kwa harusi, kampeni na sherehe za kampuni hadi Kampala. Shule za Mbale na Jinja hushiriki kila mwaka katika mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Anayepita karibu na darasa wakati wa maandalizi atakuta mwalimu anagombana na mtunzi juu ya sauti ya neno moja, mzazi anauliza nani atalipia kitambaa, na mwanafunzi mmoja ambaye hataonekana jukwaani kabisa akipanga maleba kwa zamu ya kuvaliwa.

Mara nyingi kuna pia fomu ya kutia saini. Kawadwa aliweka jina lake chini ya karatasi za namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, kwa niaba ya watu wote waliokuwa nyuma yake, na ilipofika siku ya kuulizwa ni nani aliyewafundisha kuimba vile, jibu lilikuwa limeshaandikwa.